Mikono Niliyoiba kwa Macho

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa mara mbili kabla umande haujakauka. Mara ya kwanza alinifukuza askari wa langoni, aliyedhani nimekuja kutafuta nguo za kufua. Mara ya pili alinifukuza Kedimasta mwenyewe, msimamizi wa wabeba mabegi, na yeye alikuwa amenielewa vizuri kabisa. Nilimwambia nimekuja kubeba mabegi ya gofu. Akanitazama kutoka kichwani mpaka kwenye raba zangu, akarudi juu, akaona blauzi imeanza kulowa kwa maziwa kwa sababu nilikuwa nimemwacha nyumbani mtoto wa miezi mitano, akasema hapa ni klabu, si kliniki.

Sikwenda popote. Nilikaa kwenye jiwe nje ya banda la makedi mpaka saa nne. Wakaja wachezaji wanne kwa pamoja, na kwenye benchi kulikuwa kumebaki wanaume watatu. Kedimasta akatoka, akaniona bado nipo, akanirushia kipande cha bati chenye namba arobaini na mbili. Hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya kuajiriwa.

Miaka ya tisini ndiyo kwanza ilikuwa imeanza. Nyinyi wasichana mnaofika langoni siku hizi wanne watano kwa pamoja, mkipiga gumzo kama mnakwenda kanisani, msidhani benchi hilo lilikuwa na nafasi yenu tangu zamani. Mmoja wenu aliniuliza juzi kama ni kweli nilijifundisha gofu kwa kutazama tu. Ni kweli. Tena nilijifundisha vibaya, na ubaya huo ndio ulionipa kazi. Kaeni niwaeleze.

Kedi ni mtu anayembebea mchezaji begi la fimbo, lakini kubeba ndiyo sehemu ndogo. Kedi anafuata mpira kwa macho, kwa sababu ukipotea ni kosa lake. Anaupangusa kwa taulo bichi. Anarudisha kipande cha nyasi kilichong'olewa na fimbo ya chuma na kukikanyaga kirudi kuota. Anashika bendera kwenye grini, yaani pale penye nyasi zilizonyolewa kama kichwa cha mwanafunzi, penye shimo. Anajua mchezaji amepiga mara ngapi, lakini hasemi mpaka aulizwe, maana wakubwa hawapendi kuhesabiwa. Na juu ya yote anajua mahali pa kusimama. Husimami nyuma ya mtu. Hutupi kivuli juu ya mpira wake. Unasimama mbele ya kifua chake, hatua nne au tano, kimya, ukitazama mikono.

Mikono hiyo niliitazama miaka miwili.

Nilikuwa nakaa Kaloleni, kwenye nyumba ambayo baba yangu aliachiwa na kazi ya reli na mama akaachiwa na baba. Baba alikuwa fundi wa mabehewa. Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, mtoto aitwaye Nafula, na mume aliyekwenda Mombasa kutafuta kazi akapata na mengine huko. Huyo simwandikii. Kila asubuhi nilimnyonyesha mtoto, nikamwachia mama, nikakata kwa miguu kupitia Muthurwa, kando ya nyumba za reli, mpaka klabuni. Jina la klabu silitaji.

Kedimasta alikuwa mzee wa Kikamba aliyewahi kuchonga vinyago kabla ya kuja kuchunga watu. Kisu chake kidogo hakikutoka mkononi. Akikaa anachonga tii, vile vijiti vya kuinulia mpira pigo la kwanza, na wachezaji walivipenda kuliko vya dukani. Alikuwa na haki yake mwenyewe: wanaume kwanza kwa namba zao, wanawake baadaye kwa huruma yake. Siku wachezaji wakiwa wachache, mimi narudi nyumbani nilivyokuja. Nikimuuliza ananiambia, bila hasira hata kidogo, kwamba begi ni zito na mama ana mtoto. Namwambia mtoto ni mzito pia na hakuna mwanaume aliyejitolea kunisaidia kumbeba. Anaendelea kuchonga.

Sasa, fimbo yangu. Kulikuwa na mwanachama mmoja, daktari mpole sana nyumbani kwake bila shaka, ambaye siku moja alizama kwenye bunka. Bunka ni shimo la mchanga lililowekwa makusudi kumtesa binadamu. Alipiga mara nne, mpira haukutoka. Alipotoka yeye, alikipiga chuma namba saba kwenye mti kikavunjika katikati, akavirusha vipande vyote viwili kichakani. Makedi wana desturi yao: kilichotupwa kwa hasira ni cha kedi, na mwenyewe hakiulizii tena, kwa aibu. Jioni nilivipeleka Kamukunji kwa fundi wa jua kali, wale wanaofua vyuma nje barabarani. Akaunga kwa bomba la chuma, akapiga riveti mbili. Pale pa kushikia nikazungusha tyubu ya baiskeli. Chuma kikawa kizito kama mwiko wa ugali wa matanga, lakini kilikuwa changu.

Nikaanza kujifundisha kwenye uwanja ulio karibu na ukumbi wa Kaloleni, saa za alasiri, kwa mipira iliyopasuka ambayo wachezaji walikuwa wameikataa. Nilisimamisha gunia la takataka nikawa nalilenga. Majirani walikuja kutazama. Mmoja alimuuliza mama yangu kama nimeanza kulima uwanja wa kaunsili. Mwingine akasema niachwe, heri ninapiga mpira, angekuwa yeye angekwenda Mombasa kumpiga mume mwenyewe. Nilicheka mpaka nikakosa gunia.

Lakini sikukosa sana. Baada ya mwaka mmoja mpira ulikuwa unatoka chini chini, umenyooka, kama umevutwa kwa uzi. Haukuruka juu hata siku moja. Mimi sikujua kwamba unatakiwa kuruka.

Jumatatu ilikuwa siku ya makedi. Wanachama hawachezi Jumatatu, uwanja unapumzishwa, na makedi wanaruhusiwa kucheza mashimo tisa. Wanaume walianza kwanza, mimi nikaanza wa mwisho, peke yangu, na chuma kimoja cha bomba. Jumatatu moja Pro alikuwa amesimama karibu na shimo la tatu akijipigia mipira yake. Pro ni mwalimu wa klabu, aliyeajiriwa kufundisha wanachama. Huyu wetu alizaliwa Muthurwa, na alianza kama kedi kabla hajawa mtu wa kuitwa bwana.

Nilipiga. Mpira ukaenda zake chini chini, ukajikokota, ukasimama kando ya bendera.

“Mama Nafula, simama hapo hapo,” Pro akasema. “Usihamishe hata kidole.”

Akanizunguka mara mbili kama mtu anayenunua mbuzi. Akainama akatazama mikono yangu. Kisha akaenda akaketi kwenye benchi la zege akacheka. Hakucheka kidogo. Alicheka mpaka akatoa kitambaa.

Damu ilinipanda. Nilikuwa nimelala saa tatu tu, mtoto alikuwa anaota meno, na huyu mtu aliyevaa kofia nyeupe ananicheka.

“Mwalimu,” nikamwambia, “mpira wangu uko pale kando ya bendera. Wako uko wapi?”

Wake ulikuwa kwenye bunka. Akaacha kucheka, akautazama, akanitazama. Akaniuliza nani alinifundisha. Nikamwambia ni macho yangu. Akatikisa kichwa, halafu akanieleza habari ya kazi moja.

Kapteni wa Wanawake, yaani mwanachama aliyechaguliwa kuwaongoza wachezaji wanawake, alikuwa anatafuta mwanamke wa kumsaidia Pro kufundisha. Wanachama wapya wanawake walikuwa wamechoka kunyooshwa viuno na wanaume. Ni kazi ya mwezi kwa mwezi, yenye barua na sare. Hakuna benchi. Hakuna kurudi nyumbani saa tano kwa sababu mabegi yalikuwa machache. Wanawake wawili walikuwa wameshajaribiwa wakakataliwa, na Jumanne ya wiki iliyofuata ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kujaribu mtu.

“Jina lako naweza kulitaja,” akasema. “Lakini mikono hiyo siwezi kuipeleka mbele ya yule mama. Njoo Alhamisi saa saba, nitakupa saa moja.”

Wasichana wangu, mimi nimezaa, nimeolewa kwa sherehe, nimepita mtihani wa kidato cha nne. Hakuna siku kati ya hizo niliyoamka na moyo unaodunda kama Alhamisi ile. Nilifua raba. Nilipiga pasi taulo, taulo, fikirieni. Mama akaniuliza kama Rais anakuja klabuni. Nilimwambia nakwenda kufundishwa, na nilipolisema neno hilo nikaona nimekaribia kulia, kwa sababu tangu nitoke shule hakuna mtu aliyekuwa amenifundisha kitu. Watu walikuwa wananiamuru tu.

Uwanja wa mazoezi nilikuwa nimeufikia mara nyingi nikiwa na begi la mtu begani. Sikuwa nimewahi kusimama upande wa mpira. Pro alinikabidhi chuma namba saba kizima, chepesi, na nusura nikirushe juu kwa jinsi nilivyozoea uzito wa bomba. Akasimama mbele yangu, ana kwa ana, akashika chake.

“Shika kama mimi.”

Nikashika. Mkono wa kulia juu, wa kushoto chini. Akasema nitazame vizuri. Nikatazama. Nikamwambia ndivyo nilivyoshika. Basi akatoka pale mbele, akaja akasimama kando yangu, bega kwa bega, tukiangalia upande mmoja, akashika tena.

Nikaona.

Nilikuwa nimeiba mikono ya watu miaka miwili, nikaiiba kama ilivyo kwenye kioo. Kedi anasimama mbele ya mchezaji. Mkono wa mchezaji ulio chini, ambao ni wa kulia, kedi anauona upande wake wa kushoto. Nami nilikwenda nyumbani nikaweka chini mkono wa kushoto, nikajipongeza. Mwili haukuweza kugeuka pia, kwa sababu uso wa chuma uko upande mmoja tu, ukisimama vingine utapiga kwa mgongo wake. Kwa hiyo nilikuwa na mwili wa mtu wa kulia na mikono ya mtu wa kushoto, na hivyo hivyo nilikuwa nimelipiga lile gunia mpaka likachanika.

Pro hakucheka tena. Aliniambia nusu ya makedi waliojifundisha wenyewe wako hivyo, na kwamba yeye mwenyewe alishika hivyo mpaka akawa na ndevu.

“Usione haya,” akasema. “Umeiba vizuri. Ulikuwa umesimama mahali pabaya tu.”

Akanigeuza mikono. Kushoto juu, kulia chini, kidole gumba cha kulia kimelala juu ya mpini, si pembeni. Nilihisi kama nimevalishwa viatu vya mtu mwingine. Mpira wa kwanza sikuugusa kabisa. Wa pili nilipiga udongo, kipande cha nyasi kikaenda mbali kuliko mpira. Wa tatu ukaenda kulia, wa nne ukaenda kulia zaidi. Mimi niliyekuwa napiga gunia! Nilipofika kama wa thelathini, jasho linanitoka na mgongo unaniuma, nikamwambia ukweli.

“Mwalimu, umeniharibia.”

“Bado sijamaliza kukuharibu,” akasema. “Weka mwingine.”

Nikaweka mwingine kwa hasira. Nadhani hasira ilinichosha nikaacha kukaza. Nikainua chuma, nikakiacha kishuke, na sikusikia kitu. Hicho ndicho ninachotaka mwelewe, nyinyi mnaopiga kwa nguvu kama mnapasua kuni. Ukipiga vibaya mikono inasikia kila kitu, inatetemeka mpaka kwenye meno. Ukipiga vizuri hakuna kitu, ni sauti ndogo tu, kama ulimi ukigonga kaakaa. Niliinua macho, na mpira wangu ulikuwa juu. Juu kabisa, mweupe, umepita ncha za mikaratusi, na bado unapanda. Ukakaa hapo kidogo kama unafikiri. Kisha ukashuka polepole, ukatua na usijikokote.

Nilikimbia. Siwezi kujitetea. Nilitupa chuma nikakimbia kuufuata mpira katikati ya uwanja wa mazoezi, ambako ni marufuku kabisa kuingia watu wakipiga, na kulikuwa na wazee wawili wanapiga. Kedimasta alitoka bandani akinguruma jina la mama yangu. Mimi nilikuwa nahesabu hatua. Nilifika kwenye mpira nikauokota, ukiwa bado na alama ya kijani, nikasimama hapo nacheka peke yangu kama mwendawazimu, wazee wale wawili wakiwa wameshusha fimbo zao wakinisubiri.

Nilirudi kwa Pro nikiwa nahema. Akaniambia saa yangu imekwisha. Akaniambia pia kwamba nimepiga mmoja katika arobaini, na Jumanne ni baada ya siku tano.

Siku hizo tano sitazisahau. Mikono mipya ilikataa kukaa. Uwanjani Kaloleni mpira ulikwenda kila mahali isipokuwa kwenye gunia. Jumamosi uliingia ndani ya karai la jirani lililokuwa na nguo za kanisani. Yule aliyeuliza kama nalima uwanja wa kaunsili alisema sasa afadhali nilime. Mama yangu alikuwa anatazama akiwa amembeba Nafula, na mama yangu si mtu wa maneno mengi. Jumatatu jioni aliniuliza jambo moja.

“Ile ya zamani ilikuwa inafika,” akasema. “Kwa nini mtu aache kitu kinachofika?”

Nilimchukua mtoto nikaingia ndani. Nilijua kwamba nikisimama mbele ya Kapteni na mikono yangu ya zamani, mipira minane kati ya kumi itakwenda kwenye bendera, chini chini lakini itakwenda. Nikisimama na mipya, Mungu ndiye anajua. Na kazi ile niliitaka kwa namna ambayo ilinitia hofu. Niliitaka mpaka nilikuwa nimeshachagua ndoano ya kutundikia sare.

Jumanne, Kapteni wa Wanawake alikuja. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani mikubwa, na alikutazama kama hakimu aliyekwisha kusoma faili lako. Alikuja na mgeni wake, mama mmoja mnene mchangamfu, mwanachama mpya ambaye hajawahi kushika fimbo. Pro alikuwepo. Kedimasta alikuwepo pia, ingawa hakuitwa, na kisu chake. Asubuhi alikuwa amewaambia benchi zima kwamba nitarudi kuketi nao kabla ya chai.

Nikapewa mipira kumi na bendera ya kulenga.

Wa kwanza nikaupiga kichwani, ukabingirika kama chungwa lililotoroka kikapuni. Wa pili ukaenda kulia, ukaingia mitini, ndege wakatoka. Nikamsikia Kedimasta akikohoa kile kikohozi cha mtu anayecheka. Nikaweka wa tatu, na hapo mikono ikaanza kugeuka yenyewe. Sikuiambia. Nilihisi wa kushoto unateleza kwenda chini, nyumbani kwake. Nilitazama upande wa Pro. Alikuwa anatazama viatu vyake, hakutaka kunisaidia wala kunizuia.

Niliurudisha mkono juu. Msiniulize ni ujasiri gani, haukuwa ujasiri. Nilikumbuka ule mpira uliopita juu ya mikaratusi na nikakasirika kwamba ningeweza kufa bila kuuona tena. Nikapiga. Chuma kikachimba udongo, mpira ukaruka hatua kumi ukaanguka.

Kapteni akainua mkono.

“Simama kwanza. Huo wa tatu umefanya nini?”

Wa tatu! Nikajua nimefukuzwa. Na kwa kuwa nimefukuzwa, nikajibu bila adabu ya kutosha.

“Nimepiga udongo kabla ya mpira. Uzito wangu umebaki mguu wa kulia, haukuhamia kushoto. Ule wa kwanza niliinua kichwa mapema nione unakwenda wapi. Wa pili gumba la kulia lilihamia pembeni, uso wa chuma ukafunguka.”

“Umejuaje yote hayo?”

“Mama, mpaka Alhamisi iliyopita nilikuwa nimekosea kila kitu. Makosa yote nayajua kwa majina.”

Hakutabasamu. Alikuja akanichukulia chuma mkononi, na roho ikanitoka. Akampa yule mgeni wake. Akaniambia nimfundishe, nina dakika kumi.

Yule mama alikuwa anacheka kwa woga, anasema mkono wake ni wa kupika tu. Nikaenda nikasimama kando yake, bega kwa bega, tukitazama upande mmoja. Nilishika fimbo ya hewa, yeye akashika ya kweli. Sikumgusa kiuno. Nilimwambia afikirie anampa mtu mkono wa salamu kwa kulia, halafu aufunge huo mkono kwenye mpini chini ya wa kushoto. Akakosa mara sita. Kila mara nilimwambia ni kwa nini, kwa maneno mawili, basi. Mara ya saba akaugonga, ukaruka kama hatua sitini, si nyingi, lakini uliruka. Akageuka akanishika mabega yote mawili akanitikisa. Tulikuwa tunatikisana pale kama watu waliopokea jamaa kutoka ng'ambo.

Kapteni alimgeukia Pro.

“Wale wawili wa mwanzo walipiga vizuri kuliko huyu,” akasema. “Lakini walipokosa niliwauliza sababu. Wote wawili waliniambia ni upepo.”

Akaniambia nianze kesho yake. Kedimasta alifunga kisu chake. Mimi nikaomba ruhusa nimalize mipira yangu saba iliyobaki, kwa sababu nilikuwa nimepewa kumi. Nikamaliza. Wa tano kati ya hiyo ulipanda juu. Nilibaki nimesimama mahali pangu, sikukimbia, lakini miguu ilitaka.

Nilifanya kazi hiyo miaka minne. Mwaka wa kwanza nilikuwa na darasa la wanawake Jumatano tu, siku nyingine natunza mipira ya mazoezi. Mwaka wa pili nikaongezewa wake wa wanachama na watoto wao wa likizo. Mwaka wa tatu Pro alienda kucheza Uganda akaniachia uwanja wiki nzima, na wanaume wawili wakubwa wenye vitambi wakaja wakijikuna, wakiniuliza kwa sauti ya chini kwa nini mipira yao inakwenda kulia. Nikawaambia. Kedimasta aliniheshimu kwa njia yake: kila mwezi alinipa fuko la tii alizochonga kwa ajili ya wanafunzi wangu, na kila mwezi alisema ni zile zilizoharibika. Sikuona iliyoharibika hata moja.

Mwaka wa nne akaja Meneja mpya, na hiyo ilikuwa miaka ambayo kila ofisi Nairobi ilikuwa inapunguza watu. Hata Kaloleni ukipita asubuhi uliwakuta wanaume wazima wameketi mlangoni, kila mmoja ana barua. Yangu ilisema nimestaafishwa mapema kwa manufaa ya klabu. Nilikuwa na miaka ishirini na minane. Nafula alikuwa darasa la kwanza. Watu wanastaafu wakiwa na mvi na saa ya ukutani, mimi nilistaafishwa nikiwa bado naota chunusi. Nilikuwa na hasira, na bado ninayo, na sitaki mtu aniambie niiweke chini. Pro aliniambia atazungumza na Meneja. Alizungumza. Wakampa barua yake mwezi uliofuata.

Basi nyinyi mnaokuja, haya ndiyo ninayoyajua. Mkiiba kazi kwa macho, ibeni, maana hamtaitwa darasani. Lakini siku mtu anayejua akikupa saa moja, ichukue, hata akikuharibia kile kilichokuwa kinafika. Msipige chochote mkiwa mmekaza mabega. Mkikosa, msiseme ni upepo. Na kama bosi yeyote atawaambia begi ni zito, mwambieni alibebe yeye tuone.

Barua ilisema kazi yangu inaisha saa sita mchana siku ya Ijumaa. Ijumaa hiyo nilikuwa na mwanafunzi mpya, mke wa mwanachama mmoja, mwanamke mnyamavu aliyeomba somo lake la kwanza mpaka saa saba. Saa sita kamili karani wa ofisi akaja uwanjani na karatasi za kutia sahihi. Baba mzima, tai imemkaba. Akasema Meneja anataka karatasi sasa hivi, na sare nivue niiache.

Nikamwambia, “Karani, kaa pale kwenye benchi. Bado tuna mipira kumi na minne.”

Akasema muda wangu umekwisha. Nikamwambia wa kwangu ndiyo, wa huyu mama haujaisha. Akabaki amesimama juani, anahamisha karatasi kutoka mkono huu kwenda mwingine. Yule mama alikosa. Akakosa tena. Nikamwambia ni kwa nini, akaweka mwingine. Wa kumi na moja akauachia, ile sauti ndogo ya kaakaa ikatoka, na mpira ukapanda. Nilimtazama karani: alikuwa ameinua uso wote juu, mdomo wazi, karatasi zimeshuka mpaka gotini, anaufuata kwa macho mpaka ulipotua.

“Alaa,” akasema polepole. “Kumbe unaruka hivyo.”

“Imebaki mitatu,” nikamwambia. “Ngoja.”

Akangoja. Tulipomaliza nikatia sahihi kila mahali aliponionyesha. Sare sikuivua, nilikwenda nayo nyumbani.